Miaka mitano na XC70 ya dizeli kati ya Madale na Mtae

Mwaka 2019 mama alianza kuhudhuria kliniki ya presha kila mwezi, na kila mwezi ukawa mtihani wa kumteremsha kutoka Mtae hadi Lushoto mjini. Mtae iko ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara. Ukisimama pale unaiona tambarare ya Mkomazi yote chini yako. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni lami ya kona kali, lakini ukishapita Lushoto kwenda Lukozi na kuendelea juu ni udongo mwekundu, karibu kilomita 60, na mvua ikinyesha udongo ule unateleza kama sabuni. Mama alikuwa anapanda basi alfajiri ya giza, akirudi usiku amechoka hoi. Siku moja basi lilikwama, akatembea saa mbili kwenye matope na fimbo yake. Alinieleza kwenye simu kama jambo la kawaida. Mimi sikulala.

Mimi naishi Madale, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Gari letu la wakati ule lilikuwa dogo, la petroli, na lilikuwa limeshapiga sampu, lile beseni la mafuta chini ya injini, kwenye jiwe mara mbili njia ya Lukozi. Tulihitaji gari la kubeba watu watano na gunia la viazi, lipande udongo uliolowa, na lisitumalize kwa mafuta kilomita zaidi ya 350 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi. Prado ya dizeli ilituzidi uwezo. Baada ya miezi ya kuulizia tukaangukia kwenye Volvo XC70, ile D5 ya dizeli.

Kwa asiyeijua: ni stesheni wagoni iliyoinuliwa. Chini ina nafasi ya sentimita 21, injini ni ya silinda tano, cc 2,400, na magurudumu ya nyuma huingia kazini yenyewe, yale ya mbele yanapoanza kuteleza. Haina gia ya lo, ile nzito ya kupandia polepole, wala difu ya kufunga inayolazimisha magurudumu yazunguke pamoja, kwa hiyo usiilinganishe na Land Cruiser. XC70 zilizokuja kutoka Japan nyingi ni za petroli, hivyo ya dizeli tuliitafuta Uingereza, ambako nako usukani uko kulia.

Hapo nilipatia mambo mawili na kukosea mawili, na yote manne yanafaa kusimuliwa.

La kwanza nililopatia ni kuisoma historia ya gari kabla ya kutuma hata senti. Uingereza gari likitimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaoitwa MOT, na serikali yao imeweka matokeo mtandaoni bure. Ukiwa na namba ya usajili unaona umbali uliosomwa kila mwaka (kwa maili), walichokataa na walichoonya. Gari la kwanza nililolipenda kwenye picha lilikuwa limeandikiwa kutu kwenye mabomba ya breki miaka miwili mfululizo. Nikaliacha. Muuzaji akikataa kukupa namba ya usajili, mwache na gari lake.

La pili ni kodi. Kwa mwaka ule gari lenye injini ya zaidi ya cc 2,000 lililipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 na VAT asilimia 18, na juu ya hapo likiwa na miaka 8 hadi 10 liliongezewa asilimia 15, likizidi 10 asilimia 30. Nikachagua la mwaka 2012, likatua bandarini kabla halijagusa miaka 8. Kikokotoo cha TRA kiko wazi kwa kila mtu. Piga hesabu yako kabla wakala hajakupigia yake. Kila kitu, mpaka namba za Tanzania, kilinigharimu milioni 38 na laki kadhaa.

Kosa langu la kwanza: sikuuliza kama lina tairi la akiba. Kosa la pili: sikuuliza mafuta ya mfumo wa magurudumu manne yalibadilishwa lini. Kitabu cha sevisi kilikuwa na mihuri mizuri ya injini, nikaona inatosha.

Kuna kosa la tatu ambalo nililikwepa kwa bahati tu, nalitaja kwa sababu nimeshamwona jirani amelifanya. Si kila XC70 inasukuma magurudumu manne. Zipo za dizeli zinazosukuma ya mbele peke yake, bodi ni ile ile, urefu ni ule ule kutoka chini. Tazama mlango wa nyuma kama pameandikwa AWD, yaani magurudumu yote manne, na usiishie hapo, maana herufi hubandikwa. Inama uangalie chini: propela shafti, ule mhimili mrefu unaozunguka kwenda hadi difu ya nyuma, lazima uione kwa macho yako.

Gari lilipofika, kabla ya kulizoea, tulibadilisha taimingi belti pamoja na ile belti ya nje ya jenereta na tensheni zake. Kwenye injini hii belti ya nje ikichanika, vipande vyake vinaweza kuvutwa ndani ya taimingi, na vali zikigongana na pistoni hakuna tena injini. Zibadilishe zote kwa pamoja. Ilinigharimu laki 9 na sijawahi kuijutia.

Tabu ya kwanza ilitokea hapa hapa mjini.

Madale hadi Posta asubuhi ni saa mbili za foleni: mwendo wa miguu, unasimama, unasogea, unasimama. Gari hili lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Masizi ya dizeli hunaswa humo, na kila baada ya muda kompyuta huongeza joto ili yaungue yaishe. Kazi hiyo inataka injini iwe imepata moto sawasawa na gari liwe kwenye mwendo wa maana. Kwenye foleni haimaliziki. Inaanza, unazima gari umefika kazini. Jioni inaanza tena, unazima umefika nyumbani. Ile dizeli ya ziada iliyonyunyizwa kwa ajili ya kuunguza masizi inateremka kwenye mafuta ya injini na kuyafanya mepesi. Mimi hayo yote sikuyajua. Mwezi wa nne yakatokea maandishi kwenye dashibodi kwamba kichujio kimejaa, nisome kitabu cha gari. Kitabu nilikuwa nimekiacha nyumbani kwenye droo. Nikaendelea kuendesha wiki nzima, mpaka siku moja Kimara, kwenye mlima, gari likakosa nguvu kabisa. Malori yalinipita huku nikikanyaga mafuta hadi mwisho.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Dada, hicho kidude tunakitoboa, leo leo unaondoka nalo." Ukifika gereji na tatizo hili utaambiwa hivyo hivyo. Alinihakikishia litakuwa jepesi na halitasumbua tena. Nilikaa kwenye benchi lake nusu saa nikifikiri, na nilikaribia kukubali kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Kilichonizuia ni mwanangu wa mwisho, ana pumu. Nilimfikiria mtoto wa mtu mwingine amekaa dirishani kwenye daladala nyuma yangu akivuta moshi wangu. Nikalipeleka kwa mtu mwenye mashine yenye programu ya Volvo. Akaliamuru lichome masizi likiwa limesimama, akabadilisha mafuta ya injini siku hiyo hiyo, jumla laki 4 na nusu.

Tangu hapo nina utaratibu. Jumapili asubuhi na mapema, barabara ikiwa tupu, tunaelekea Bagamoyo. Gari likishapata moto nalishikilia kwenye mwendo ule ule, bila kusimama simama, dakika 20 hadi 30. Watoto wanapata bahari, kichujio kinapata joto lake. Na mafuta ya injini namwaga kila kilomita 8,000. Kitabu cha Uingereza kinasema karibu 29,000, lakini kitabu hicho hakikuandikiwa foleni ya Mwenge. Nanunua aina ile ile iliyoandikwa humo, 0W-30, hata pale ninapoambiwa kwamba nchi ya joto inataka mafuta mazito.

Kuhusu dizeli yenyewe: Januari 2015 kiwango cha salfa katika Afrika Mashariki kiliteremshwa hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya magari kama haya yanatumia ya 10. Siwezi kubadilisha hilo. Ninachoweza ni kujaza kwenye vituo vinavyouza sana, ambako dizeli haikai kwenye tangi la chini ikikusanya maji, na kubadilisha filta ya dizeli kila kilomita 15,000.

Sasa nifike kwenye tairi, maana ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Desemba 2020 tulikwenda Mtae kula sikukuu. Kupanda kulikuwa raha tupu. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha, na pale basi liliposimama abiria wateremke, sisi tulipita taratibu, nikihisi mgongoni jinsi magurudumu ya nyuma yanavyochukua mzigo. Mama alikuwa amekaa mbele, amefunga mkanda, mkono mmoja umeshika mpini wa mlangoni. Tulipovuka akasema, "Mwanangu, hili linatembea kama mbuzi." Kwa Msambaa hiyo ni sifa kubwa.

Kurudi, kabla ya Lukozi, nilipishana na lori la kabichi nikakwangua ukingo wenye mawe. Tairi la nyuma kushoto likachanika ubavuni, mpasuko wa kuingia vidole viwili. Nilipofunua sakafu ya buti nikakuta pampu ndogo na chupa ya gundi. Tairi la akiba hakuna, na gundi haizibi ubavu. Tulikaa pale saa tatu hadi mjomba alipotuma kijana na pikipiki, akalipeleka ringi Lushoto mjini na kurudi na tairi lililotumika.

Matairi yangu yalikuwa saizi 235/50 ya ringi 18. Ringi hiyo Lushoto haikupatikana, basi mwenye duka akatupa ringi na tairi la 17 lenye matundu yanayolingana, 225/65. Lilikaa vizuri, nati zikakaza. Nikalitazama, likaonekana limenenepa kidogo kuliko wenzake. Nilifurahi kuondoka kabla ya giza. Nikaendesha hivyo mpaka Dar.

Tairi lile lilikuwa na kipenyo kikubwa kuliko mengine kwa sentimita tatu na zaidi. Maana yake gurudumu moja la nyuma lilizunguka polepole kuliko mengine yote kwa kila mita ya safari. Katikati ya mbele na nyuma kuna klachi ya sahani nyingi inayoitwa Haldex, inayoogelea kwenye mafuta na kubanwa na pampu ndogo ya umeme. Imeumbwa iteleze na kushika kwa muda mfupi, matope yanapokukamata. Mimi niliilazimisha kuvumilia tofauti ya mwendo kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam bila kupumzika, ikiwa na mafuta ambayo huenda hayakuwahi kubadilishwa tangu kiwandani. Baada ya Segera taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza ikawaka. Tuliposimama Chalinze kula, mume wangu alisema ananusa kitu kinaungua. Nikasema ni breki za malori.

Wiki iliyofuata fundi aliniambia ni sensa za magurudumu. Tukabadilisha zote nne, laki 6. Taa ikazimika siku tatu, ikarudi.

Nilichokuja kuamini ni macho yangu, mwezi wa tatu, masika yameanza, pale penye kilima karibu na nyumbani. Nimekanyaga mafuta, gari limesimama. Jirani aliyekuwa amejikinga mvua kibarazani akapiga kelele, "Mama, ya nyuma hayazunguki!" Nikashusha kioo nikachungulia. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanachimba na kurusha matope hadi kwenye kioo, na lile la nyuma lilikuwa limetulia kabisa, hata jani lililobandika kwenye tairi lilikuwa pale pale. Nililitazama lile jani nikaelewa kwamba tangu Desemba nilikuwa na gari la magurudumu mawili, zito, na mwezi uliopita nilikuwa nimempandisha mama nalo bila kujua.

Kilichokuwa kimekufa ni vitu viwili. Pampu ya Haldex ilikuwa imeziba kwa unga wa klachi na mafuta yaliyoungua. Na kule mbele, penye giaboksi ndogo inayopeleka nguvu nyuma, kuna bomba fupi la chuma lenye meno linaloiunganisha na giaboksi kubwa; meno yake yalikuwa yamelika yakawa laini. Hilo la pili huenda lilianza zamani kabla yangu, safari yangu ikalimalizia. Duka la kwanza la vipuri, mtaa wa Gerezani Kariakoo, waliniuzia pampu kwa kulinganisha picha, haikuingia, na pesa hazikurudi. Baada ya hapo niliagiza kwa namba ya chesisi, vitu vikaja Uingereza kwa ndege baada ya wiki tatu. Pamoja na ufundi, milioni 3 na laki 4. Hizo zilikuwa ada za muhula wa watoto wawili. Tulikopa kwenye kikundi, tukalipa kwa miezi minane.

Ningeweza kuepuka yote yale kwa jambo dogo. Mabasi ya Dar na Lushoto yapo kila siku. Ningelala Lushoto usiku mmoja, nikampigia simu mtu wa matairi mjini, akapakia tairi la saizi yangu kwenye basi la asubuhi, na jioni ningekuwa nalo. Nauli ya tairi ingekuwa elfu kadhaa. Ukiwa na gari la aina hii, iwe XC70, Outback au Passat Alltrack, matairi manne yanunuliwe pamoja, saizi moja, yazeeke pamoja. Moja likifa wakati mengine yameshalika sana, nunua yote. Inauma, lakini bei ya matairi manne haikaribii bei ya klachi na giaboksi.

Siku hizi nimeteremka kutoka ringi 18 hadi 17, matairi 235/55. Kipenyo ni karibu kile kile, ila ubavu ni mnene zaidi na jiwe haliufikii kirahisi. Mafuta ya Haldex namwaga kila kilomita 40,000, na yanayotoka nayaangalia kwenye beseni jeupe: yakiwa meusi na yana unga unaong'aa, najua klachi inalika. Kila masika yakianza nampa mume wangu usukani kwenye kile kilima cha Madale, mimi nasimama nje nimeinama, natazama magurudumu ya nyuma. Mtu yeyote anayenunua gari la namna hii naomba afanye hivyo kabla ya kulipa. Mtu mmoja aliyeniomba ushauri aliniambia muuzaji wake alikataa, akidai tope litachafua gari. Nilimwambia aondoke.

Mengine ya njia ya milimani nimeyajifunza taratibu. Bampa ya mbele ni ndefu, kwa hiyo mfereji uvuke kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Maji yakizidi sentimita 30, usiingie. Mimi huvua viatu nikapima kwa miguu yangu kwanza. Kuteremka kwenye utelezi kuna kitufe kinachofanya gari lijizuie lenyewe polepole bila wewe kugusa breki, na mara ya kwanza unalazimika kuuzuia mguu wako usikanyage. Kwa kuwa haina lo, ukipanda polepole mno kwenye mwinuko mkali wenye mzigo giaboksi inapata moto. Hapo nasimama sehemu ya bapa, naacha injini inaunguruma, napumzika dakika kumi.

Kwa mafuta halijaniangusha. Barabara kuu linakwenda kilomita 13 hadi 14 kwa lita, foleni linashuka hadi 8 au 9. Tangi ni la lita 70, na mara nyingi nimekwenda Lushoto na kurudi Dar bila kujaza njiani. Viti vya nyuma vikilala, sakafu inakuwa bapa kabisa: gunia la viazi, tenga mbili za peasi na plamu, na bado mtoto anapata pa kujinyoosha.

Mwaka 2022 mama alizidiwa usiku, mvua inanyesha, tulikuwa huko kwa likizo. Tulimlaza nyuma kwenye godoro, dada yangu amemshika kichwa, na tukateremka Mtae hadi Lushoto kwenye tope usiku ule. Nilikuwa nasikiliza magurudumu ya nyuma kuliko nilivyokuwa natazama barabara. Yalishika kila kona. Alilazwa siku sita akatoka kwa miguu yake.

Nimejumlisha kwenye daftari: kuacha mafuta na bima, ndani ya miaka mitano nimetumia karibu milioni 11 kwenye gari hili juu ya bei ya kulinunua. Zaidi ya milioni 4 kati ya hizo ni makosa yangu mwenyewe. Anayefikiria kulinunua aweke pembeni angalau milioni 4 tangu siku ya kwanza, na asiziguse kwa rangi wala redio.

Kwa sasa limefika kilomita 214,000. Shokapu za nyuma zimeanza kuchoka; zangu ni zile za Nivomat zinazojiinua zenyewe ukipakia mzigo, na bei yake inatisha. Mafundi wawili wamenishauri niweke za kawaida. Inawezekana, lakini springi nazo lazima zibadilishwe pamoja, kwa sababu springi za Nivomat ni laini na peke yake haziwezi kubeba gari. Ukibadilisha shokapu tu, nyuma italala. Nimeshapata bei za pande zote mbili, na naweka akiba ya Nivomat, kwani Desemba tunapanda tena Mtae na tairi la akiba la saizi kamili, nililolifunga kwa mkanda kwenye buti, limeshachukua nafasi ya gunia moja.